Tundu Katikati ya Paa

Tundu la kwanza nililotoboa kwenye paa la Landrova ya watu lilinitoa jasho kuliko jua la Juni. Gari mpya, rangi haijapata hata mkwaruzo, na mwenyewe kasimama nyuma yangu mikono kiunoni. Alikuwa mkandarasi, ana vibarua wake njia ya Nizwa. "Ukiniharibia, mwanangu, utainunua," akaniambia. Hiyo ilikuwa Ruwi, mwaka 1974, nami nina miaka miwili tu tangu nishuke Maskati. Kwetu ni Malindi ya Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yalitutawanya. Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita watu wa Omani waliokuwa ugenini warudi, nikawa miongoni mwa walioitikia, mkononi nina cheti cha ufundi wa redio na mdomoni Kiarabu cha kuungaunga.

Asubuhi ile mkandarasi alikuja na antena yenye kitako cha sumaku, kaipata Dubai, na furaha yake ya mtoto siku ya Idi. Akaiweka juu ya paa, ikateleza. Akaiweka juu ya boneti, ikalala. Waliopita wakacheka. Landrova za zama zile bodi zake zilikuwa aluminiamu, na sumaku na aluminiamu hazina udugu. Ndipo nikamwambia neno asilotaka kulisikia: tutoboe, tena katikati kabisa.

"Kwa nini katikati? Weka huko nyuma kwenye bampa."

"Ami, hii antena ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni bodi la gari lako."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Fimbo iliyosimama juu ya bati inalitumia bati kama mtu anavyotumia ardhi kurukia. Ikiwa katikati ya paa, sauti inatoka sawasawa pande zote. Ukiifunga kwenye bampa la nyuma, sauti inaelemea kule kwenye bati jingi zaidi, yaani mbele. Madereva walioshika ukaidi wa bampa tuliwafundisha dawa moja tu: ukitaka kusema na Ruwi, geuza pua ya gari iitazame Ruwi. Basi ungemkuta mtu jangwani anazunguka kama anayetafuta kibla.

Redio zenyewe zilikuwa za namna nyingi. Nyingine zilikuwa kubwa, za makampuni. Nyingine zilikuwa zile ndogo ambazo Wamarekani waliziita redio za raia na sisi mafundi tukiziita sibii. Marekani ilizipa mawimbi ya megaherzi 27 mwaka 1958, chaneli 23; chaneli 40 zilikuja Januari 1977. Zilishika moto baada ya vita vya Oktoba 1973, Waarabu walipofunga mafuta: madereva wa malori wakawa wanaambizana kituo gani kina dizeli na askari kajificha wapi. Nimekuwa nikilichekea jambo hili siku zote. Sibii ilivuma kwao kwa sababu mafuta yamekosekana, ikaja kwetu kwa sababu mafuta yamepatikana, imo ndani ya gari na masanduku ya watu wa kuchimba.

Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Husemwa kwamba hadi 1970 barabara ya lami nchi nzima haikuzidi kilomita 10. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alitakiwa achukue taa ya kandili. Waya wa simu ya maandishi Waingereza waliupitisha Musandam mwaka 1864, wakaweka kituo kwenye kisiwa kidogo baina ya majabali, joto la kumchoma mtu akili, wakakihama miaka michache baadaye. Ule waya ulikuwa wa kuunganisha India na Ulaya. Mtu wa Nizwa haukumhusu. Kwa hiyo gari zilipoingia kwa mamia na lami ikaanza kukimbilia ndani ya nchi, sauti ilikuwa nyuma ya magurudumu. Mwenye gari aliyeharibikiwa kupita Izki alisubiri gari nyingine ipite.

Tatizo la Maskati halikuwa nguvu ya redio. Sibii hutoa wati 4, chini ya taa ya kulalia, lakini wati 4 baharini zinafika. Kwa hesabu ya sauti inayokwenda moja kwa moja, antena mbili zilizo mita 2 juu ya uwanda huonana kilomita 11 au 12 hivi. Mmoja akipanda kilima cha mita 100, huonana kilomita 47. Sasa uitazame Ruwi: bakuli lililozungushiwa jabali jeusi. Sauti ikitoka hapo inagonga jiwe kabla haijafika Qurum. Na gari ikishapita Fanja na kuingia pengo la Sumail, kuta za milima kulia na kushoto, ofisini unasikia mkwaruzo tu.

Wateja wote walikuja na dawa moja: niongezee nguvu. Walileta vikuza sauti vya kufunga chini ya kiti, vya wati 100, vinakula betri kama mbuzi anavyokula makuti. Nikiwaeleza, hawanielewi. Ukizidisha nguvu mara nne, sindano kwenye redio ya mwenzio inapanda alama moja tu. Tena umezidisha mdomo, masikio yamebaki yaleyale: wewe unasikika Sumail na wa Sumail humsikii. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mimi nilikuwa naanza na antena. Wimbi la sibii lina urefu wa mita 11, na fimbo iliyo sawa kwake ni robo yake, kiasi cha mita 2 na robo tatu. Iweke juu ya Landrova upite chini ya mitende ya watu, uone. Kwa hiyo tulifunga fupi, mita moja na nusu, yenye koili ya kufidia urefu uliopungua; na kila unapoifupisha unalipa. Kisha mita ya kupimia nguvu inayorudi. Sindano ikisoma 3 kwa 1, robo ya nguvu yako inarudi mlangoni. Ikisoma moja na nusu, kinachorudi ni asilimia 4, mwache mtu aende zake. Nikipima chaneli ya chini na ya juu: ikiwa ya juu ndiyo mbaya zaidi, fimbo ndefu, ipunguzwe, ikiwa ya chini, fimbo fupi. Nikikata milimita mbilimbili kwa tupa. Fundi Mgoa niliyefanya naye kazi alikuwa akisema ninanyoa ndevu za bwana harusi. Siku moja kwa haraka nilibonyeza kizungumzio kabla sijafunga antena. Transista ya mwisho ikaungua na mshahara wangu wa wiki ukaenda nayo. Sikurudia.

Adui wa pili alikuwa bahari. Unyevu wa Matrah mwezi wa Julai unaingia ndani ya plagi, shaba inaota kijani, na boliti ya chuma juu ya aluminiamu inaitafuna polepole mpaka bati na waya havishikani tena. Gari inakuja, mwenyewe analalamika redio imezeeka. Unafungua boliti, unasugua msasa, unapaka grisi, redio inakuwa kijana. Wa tatu ni injini yenyewe. Landrova za petroli zilikuwa na cheche za plagi zinazovuma masikioni kama nyuki, na sauti dhaifu inafia humo. Tukifunga utepe wa shaba kutoka boneti hadi bodi, na milango pia. Gari za dizeli hazina cheche, ndiyo maana dereva wa lori daima alisikia mbali kuliko bosi wake.

Na kile kidonge kilichoko ncha ya fimbo! Vijana walikiona ushamba, wakakikata. Halafu upepo wa mchanga ukivuma njia ya Adam, redio inapasuka mikwaruzo, kwa sababu mchanga unaichaji fimbo umeme na ncha kali inautapika. Walirudi kuniomba vidonge.

Lakini fundi ana mwisho wake. Kilichofikisha sauti kupita mwisho huo ni madereva. Wao ndio waliojua wapi pa kusimama. Dereva mmoja Mbalushi alikuwa na vituo vyake vya kusemea toka Sib hadi Nizwa, kila kimoja kakitia alama, hapa tairi bovu, pale mawe matatu. Akifika anasimama, anaita. Asipojibiwa anasogeza gari hatua tano, anaita tena, anajibiwa. Wenzake walidhani ana hirizi. Ni hesabu: sauti inayokuja moja kwa moja na ile iliyogonga jabali zinakutana, mahali zinauana na mahali zinabebana, na baina ya mauti na uhai pana mita chache tu. Nilikuwa na daftari ninaandika vituo vyake. Yeye kusoma hakujua, na daftari lilikuwa lake kuliko langu.

Alinifundisha na ardhi pia. Mchanga mkavu unanyonya sauti. Sabkha, ile nyika ya chumvi yenye maji chini, inaipeleka. Kule Barr al-Hikman redio mbovu hujiona nzima.

Hewani tulikuwa tukisema Kiswahili. Ofisi nyingi zilikuwa na mtu wa Unguja au Mombasa, na jambo usilotaka bwana mkubwa alisikie, kwa Kiswahili lilipita salama. Mpaka siku bwana mkubwa mmoja alipojibu kwa Kiswahili safi. Kumbe kakulia Bujumbura.

Nchi yenyewe ilikuwa na kiongozi mwenye maradhi yetu. Sultan Qaboos alikuwa mwanaredio wa ridhaa, jina lake hewani A41AA, na chama cha wanaredio wa Omani kiliundwa mwaka 1972. Mfalme Hussein wa Jordan naye alikuwa JY1. Nilipenda kuwaambia wateja wagumu kwamba mambo haya ya kukata fimbo kwa milimita wanayajua wafalme.

Kuanzia 1979 jua lilichafuka, kama linavyochafuka kila miaka 11 hivi, na anga ikawa kioo. Redio ndogo iliyoshindwa kufika Fanja ilileta Kiitaliano saa nane za mchana, wazi kama jirani. Mkandarasi wangu alikuja mbio: "Umefanya nini kwenye gari yangu?" Nilitamani kuchukua sifa. Nikamwambia ni jua. Hakuniamini, akanipa bakshishi.

Simu za mkononi zilipoingia mwaka 1996 kazi ilikauka. Nilirudi kwenye kutengeneza televisheni. Halafu tarehe 6 Juni 2007 kimbunga Gonu kikaja, maji yakapita Qurum na gari juu yake kama ngalawa, na mtaani kwetu simu zikanyamaza. Niliitoa redio kabatini, nikaifunga kwenye betri ya gari, nikapanda nayo kilima cha nyuma ya nyumba. Mita 60 tu juu ya mtaa. Nikampata mtu wa Sib.

Vile vilima tulivyokuwa tukipanda kutafuta sauti, leo vina minara ya simu. Mita yangu ya kupimia bado nzima na tupa ipo. Mwenye redio garini na aje baada ya Alasiri, lakini asije na kikuza sauti.