Ukoma na Dawa Zake Katika Nchi ya Mara

Wazee walinena ya kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Nasi twajua jinsi ukoma ulivyofichwa nyumbani mwetu. Basi nataka kueleza jinsi ulivyotambuliwa na kutibiwa tangu zamani, tupate kuona kwa nini kuuficha leo ni hasara tupu.

Katika Agano la Kale kuhani ndiye aliyekagua ngozi ya mtu. Akiwa na shaka alimtenga siku saba, kisha akamtazama tena. Wataalamu wasema ya kuwa neno lile la Kiebrania lilikusanya magonjwa mengi ya ngozi, wala si ukoma peke yake. Lakini vizazi vya baadaye vilishika kule kutenga, vikasahau kule kutazama tena.

Mwaka 1873 tabibu Hansen, mtu wa Norway, aliviona vijidudu vya ukoma. Hivyo ikajulikana ya kwamba si laana wala uchawi. Vijidudu hivi hukua polepole mno. Dalili zaweza kutokea baada ya miaka mitano, hata ishirini. Si ajabu watu walishindwa kujua ulikotoka, wakamtafuta mchawi.

Lakini kumjua adui si kumshinda. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa mafuta ya mti wa Asia uitwao chaulmoogra. Sindano yake iliuma sana na faida yake ilikuwa haba. Mwaka 1941 matabibu wa Carville, Marekani, walianza kutumia dawa mpya, na kutoka jamii ya dawa hiyo ikaja dapsoni, kidonge cha bei nafuu.

Kwetu Mara, wamisionari wa Kimenoniti walifika Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, mwaka 1934. Hospitali ikajengwa, na katika miaka ya 1950 palikuwapo pia makao ya wenye ukoma. Zamani Shirati ilihesabiwa pamoja na Tarime. Tangu mwaka 2007 imo katika wilaya ya Rorya. Kwa mtu wa milima ya Tarime au wa nyika za Serengeti, safari ile ilikuwa ndefu, na dapsoni ilimezwa kwa miaka mingi. Mfikirie mama mwenye baka moja lisilouma. Je, angeliacha shamba na watoto kwa ajili yake? Tusiwahukumu waliokawia.

Lakini lile lisilouma ndilo la kuogopwa. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, mkono ukafa ganzi. Tabibu Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, alionyesha ya kwamba vidole haviliwi na ukoma wenyewe: huungua kwa sufuria ya moto na kukatwa na jembe, na mwenyewe hasikii, kwa hiyo hajilindi.

Baadaye vijidudu vingine vilizoea dapsoni. Kwa hiyo mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani liliagiza dawa zitumike kwa pamoja: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Siku hizi mwenye mabaka machache hutibiwa miezi sita, mwenye mengi miezi kumi na miwili, naye hukaa nyumbani kwake. Tangu mwaka 1995 dawa hizi hutolewa bila malipo. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa watu 10,000. Lakini wagonjwa wapya bado wapatikana.

Basi, ndugu msomaji, ukiona kwa mtoto baka lililofifia au jekundu, mwambie afumbe macho, uliguse kwa uzi wa pamba, naye aonyeshe kwa kidole mahali ulipomgusa. Asipojua, mpeleke zahanati upesi. Akisikia vema, bado mpeleke, maana huenda ni choa, au ni jambo lingine litakalotambuliwa na mganga. Wala usimkimbie: akianza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena.

Bwana wetu alimgusa mwenye ukoma kabla mtu huyo hajatakasika. Kuhani wa zamani alitazama mara mbili. Sisi tulio na dawa tusishindwe kutazama hata mara moja.