Watunzi wa Nyimbo za Nairobi katika Historia ya Kiswahili

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kuanzia Pwani na kuishia huko huko. Wajuzi wakitaja ushairi, humtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa. Wakitaja lugha sanifu, huitaja Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na Kiunguja kilichofanywa msingi wake. Nairobi, jiji lililochipuka mwaka 1899 kutokana na kituo cha reli, halihesabiwi, kwa kuwa halina lahaja yake ya asili. Hoja hiyo yastahili kupimwa upya.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Nairobi iligeuka soko kubwa la santuri katika Afrika ya Mashariki. Watunzi waliokutana katika studio zake walikuja kila mmoja na Kiswahili chake. Fundi Konde alikuwa Mgiriama. Fadhili William alitoka Taita. Daudi Kabaka alikuwa Mluhya aliyezaliwa Uganda. Mwaka 1959 alifika Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake na Kiswahili cha Katanga. Katika miaka ya 1970 walihamia ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, viongozi wa Simba Wanyika.

Santuri ilikuwa bidhaa, na bidhaa hutaka wanunuzi. Wimbo mmoja ulipaswa kueleweka Kisumu, Kampala na Dodoma. Kwa hiyo mtunzi hakuwa na budi kuchagua maneno yaliyojulikana na wengi, na kuyapanga katika beti fupi zilizoshikika upesi. Kazi ambayo Kamati iliifanya kwa kamusi na vitabu vya shule, watunzi hawa waliifanya kwa gitaa, tena pasipo kuagizwa na mtu ye yote.

Hata hivyo, biashara iliyoeneza nyimbo haikuwa mlinzi mwema wa kumbukumbu. Mfano ulio wazi ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaueneza ng'ambo, na mwaka 1981 ukaimbwa na Boney M. Lakini Adam Salim wa Tanganyika alidai kuwa ndiye aliyeutunga, na ubishi huo haukukatika. Wimbo wa Kiswahili uliovuma kuliko nyingi umekuwa kama mtoto anayegombewa na baba wawili.

Fundi Konde alifariki mwaka 2000. Fadhili William na Daudi Kabaka wakamfuata mwaka 2001. Mashairi ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, yaliokolewa kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu kabla wajuzi wake hawajaisha. Watunzi wa Nairobi bado hawajapata Sikujua wao, na wanaowakumbuka wanazidi kupungua. Idara za lugha zikingoja mpaka wote waishe, zitabaki na santuri zinazoimba, na pasiwe na wa kueleza ni nani aliyetunga, wala kwa nini.