Mishahara ya umma na deni la taifa: Hesabu ya Migori na Homa Bay

MISHAHARA ya watumishi wa umma ni gharama isiyongoja: sharti ilipwe kila mwezi, mapato yawe mengi au haba. Kwa sababu hiyo, kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka wa 2015 ziliagiza kuwa mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Sheria ya 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo.

Migori na Homa Bay, zilizokuwa zamani sehemu za wilaya moja ya South Nyanza, zilianza ugatuzi mwaka wa 2013 zikiwa na mzigo tayari. Zilirithi watumishi wa mabaraza yaliyovunjwa na wahudumu wa afya waliokuwa chini ya Serikali Kuu. Ushuru wa masoko, maegesho na ada za hospitali ni kidogo. Tegemeo kubwa ni mgao kutoka Nairobi.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Migori ilitengewa takriban Sh8 bilioni na Homa Bay Sh7.8 bilioni. Asilimia 35 ya mgao huo ni Sh2.8 bilioni kwa Migori na Sh2.7 bilioni kwa Homa Bay.

Kaunti inayopita kikomo hicho haiwezi kukimbilia mkopo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 212 cha Katiba, haikopi bila dhamana ya Serikali Kuu na idhini ya bunge lake. Mtumishi hulipwa, anayesubiri ni mwanakandarasi aliyetengeneza barabara na mfanyabiashara aliyeiuzia hospitali dawa. Hilo nalo ni deni, ijapokuwa haliingizwi katika hesabu ya deni la taifa.

Nairobi, hata hivyo, hukopa. Huko ndiko walimu na polisi wanaohudumu katika kaunti hizo mbili hulipiwa. Mishahara ya umma kote nchini imepita Sh1 trilioni kwa mwaka, na Katiba inataka deni lilipwe moja kwa moja kutoka kwa Mfuko Mkuu. Baada ya malipo hayo, kodi inayobaki haitoshi, na pengo huzibwa kwa mikopo. Mnamo 2023, deni la taifa lilipita Sh10 trilioni.

Athari hurudi mashinani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa kufuatia maandamano, mgao wa kaunti zote ulipunguzwa kutoka Sh400 bilioni hadi Sh387 bilioni. Mishahara haikupungua.

Kongamano la kitaifa kuhusu mishahara, lililofanyika Nairobi mwezi Aprili 2024, liliazimia kufikia asilimia 35 ifikapo 2028. Homa Bay ilikuwa imetangulia kuagiza ukaguzi wa orodha ya mishahara baada ya uchaguzi wa 2022, chini ya Gavana Gladys Wanga, ili kuwaondoa wafanyakazi hewa. Hatua kama hiyo huokoa fedha bila kumpunguzia muuguzi hata senti.