Kanuni ya Ng'ombe Haimtoshi Ngamia: Unene wa Mifupa Mirefu kwa Wanyama wa Ngaremara

Dai alilolichapisha Galileo mwaka 1638 lingali likifundishwa kana kwamba halina mpaka: kwamba mnyama akizidi ukubwa, mifupa yake haina budi kunenepa kuliko inavyorefuka, kwa kuwa uzito hukua kwa mchemraba wa kimo ilhali eneo la mkato wa mfupa hukua kwa mraba tu. Mwaka 1973 Thomas McMahon alilipa dai hilo vipimo, akisema kwamba urefu wa mfupa hufuata uzito wa mwili kwa kipeo cha 0.25, na kipenyo kwa kipeo cha 0.375. Makala haya yanashikilia kwamba kanuni hiyo ni ya ukoo mmoja, na kwamba mazingira ya Ngaremara yanaonyesha jinsi inavyoweza kupotosha.

Katika wadi hiyo ya Isiolo, wanakoishi wafugaji wengi Waturkana, mbuzi, kondoo na ng'ombe, pamoja na choroa, swala twiga na digidigi wa nyika ya jirani, wote ni wa ukoo wa Bovidae, yaani wacheuaji ambao pembe zao ni mfupa uliovikwa ala ngumu. Ngamia, punda, twiga na tembo wako nje ya ukoo huo. Tofauti hii ndiyo kiini cha hoja, kwani mwaka 1979 Alexander na Jayes, pamoja na Maloiy na Wathuta, walipima mifupa ya miguu ya spishi 37 wakapata vipeo vya 0.35 kwa urefu na 0.36 kwa kipenyo, isipokuwa kwa Bovidae, ambao urefu wa mifupa yao ulikaribia ile 0.25 ya McMahon. Kwa hesabu, mnyama akimzidi mwenzake uzito mara 16, kanuni ya McMahon hurefusha mfupa mara 2 na kuunenepesha mara 2.8, ilhali vipeo vya jumla huurefusha mara 2.6 na kuunenepesha mara 2.7, hivyo umbo hubaki karibu lilelile.

Yaweza kupingwa kwamba mifupa isiyonenepa zaidi ingevunjika. Andrew Biewener alijibu mwaka 1989: wanyama wakubwa hunyoosha miguu, misuli ikapunguziwa kazi na mfupa ukapunguziwa mkazo. Zaidi ya hayo, kipenyo cha nje hakisemi lolote kuhusu unene wa ukuta wa mfupa. Mfupa wa paja wa mbuzi una mfereji wa uboho, wa mbuni una hewa, na wa tembo umejaa mfupa wa sifongo pasipo mfereji ulio wazi.

Kwa hiyo mwalimu wa Isiolo anayelinganisha paja la mbuzi na la ng'ombe, kisha akatangaza sheria ya wanyama wote, amepima ukoo mmoja tu. Na aupime pia mfupa wa ngamia, akiukata ili ukuta wake uonekane.