Idhini, ruhusa, leseni: maneno ya kuomba kutumia usanifu wa tovuti ya mradi huria

idhini *nm* [i-/zi-] tamko la mwenye mamlaka la kukubali jambo litendeke: *omba ~, toa ~, bila ~ ya mwandishi.* Kitenzi: *idhinisha.* Asili: Kiarabu. Linganisha: *ruhusa, ridhaa, kibali, leseni.*

Katika kamusi nyingi maneno haya hufafanuana, kila moja likielezwa kwa jirani yake, hata msomaji akatoka akiamini kuwa ni visawe. Katika mazungumzo ya kila siku imani hiyo haina madhara. Madhara huanza pale mtu anapotaka kuchukua kazi ya mwingine na kuijengea yake. Chukua mfano wa katibu wa chama cha ushirika aliyependezwa na tovuti ya mradi wa programu huria, akataka rangi zake, mpangilio wa kurasa zake na menyu zake zitumike katika tovuti ya chama. Akiandika neno lisilofaa atajibiwa jambo ambalo hakuliuliza.

*Ruhusa* ndilo neno pana kuliko yote. Mwalimu humpa mwanafunzi ruhusa ya kutoka darasani. Mfanyakazi huchukua ruhusa ya siku mbili kwenda mazishini. Hutolewa kwa mdomo, huhusu tendo moja, na mara nyingi lina mwisho. *Idhini* hudai kitu cha ziada: anayeitoa awe na mamlaka juu ya jambo lenyewe. Bawabu anaweza kukuruhusu kuingia katika jengo, lakini hawezi kuidhinisha livunjwe. *Kibali* ni idhini iliyotolewa rasmi, aghalabu kwa maandishi, kama kibali cha ujenzi au cha kazi. Wanaoshughulika na miradi ya kujitolea hulitumia mara chache, nasi hatuoni sababu ya kulilazimisha huko.

*Leseni* ndiyo yenye mtego. Mzungumzaji wa Kiswahili alilizoea neno hili kwanza katika leseni ya udereva na leseni ya biashara, yaani hati anayopewa mtu mmoja, kwa jina lake, baada ya kuomba na kulipa ada. Leseni ya programu huria haiendi hivyo. Ni masharti yaliyoandikwa mapema na mwenye hakimiliki, akiyaelekeza kwa yeyote atakayeyatimiza, bila kujua jina lake wala kungoja barua yake. Kwa hiyo kumwandikia mwenye mradi *naomba leseni ya kutumia kazi yenu* kunafaa tu pale ambapo kazi haina leseni yoyote. Ikiwa faili za tovuti tayari ziko chini ya leseni ya MIT, kwa mfano, hakuna cha kuomba: kinachodaiwa ni kubakiza tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe. Barua ya kuwaarifu wenyewe ni adabu njema, lakini iitwe *taarifa*, isiitwe *ombi*.

Kosa linaloonekana sana ni kudhani kwamba leseni ya programu inafunika na tovuti yake. Msimbo wa programu, maandishi ya kurasa, usanifu wa tovuti na nembo vinaweza kuwa na masharti manne tofauti. Na kazi isiyo na tamko lolote haiko wazi kwa kila mtu: Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, hulinda kazi tangu inapotungwa, bila kusajiliwa. Kimya cha mwenye kazi hakihesabiwi kuwa ruhusa.

Mradi wa Debian ni kielelezo kizuri, kwa kuwa masharti yake yameandikwa waziwazi. Maandishi mapya ya tovuti yake, tangu Januari 25, 2012, yanaweza kusambazwa na kurekebishwa chini ya leseni ya MIT au ile ya GPL, toleo la 2 au la baadaye. Yale ya zamani yaliachwa chini ya leseni ya awali hadi yatakaposhughulikiwa. Sababu ya mgawanyo wa namna hii inaeleweka ukikumbuka neno la tano, *ridhaa*. Tovuti iliyoandikwa na watu wengi ina wenye haki wengi, na kubadili masharti ya kazi yao kunahitaji kila mmoja aridhike. Msimamizi mmoja akijibu *sawa, chukua*, ametoa ruhusa kwa nia njema, lakini huenda hana idhini ya kutoa kwa niaba ya wenzake.

Nembo za mradi huohuo nazo zina njia mbili. Ile ya mzunguko mwekundu ni ya matumizi ya wazi. Ile yenye chupa imewekewa mipaka na haitumiki ila kwa mambo yaliyokubaliwa rasmi na mradi. Debian wenyewe waliwahi kuonja upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2006 walibadili jina la kivinjari cha Firefox katika mfumo wao, wakakiita Iceweasel, kwa sababu msimbo ulikuwa huria ilhali jina na nembo vilikuwa alama za biashara zenye masharti ya Mozilla. Jina la Firefox lilirudi mwaka 2016. Anayechukua usanifu wa tovuti, basi, aondoe nembo na jina la mradi hata pale leseni inapomruhusu kunakili kila faili, la sivyo wageni wake watadhani wamefika kwa wenyewe.

Hapa neno *huria* linastahili kutazamwa. Lina maana ya kutofungwa, wala halina maana ya *bure* au *holela*. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hulipa ada, na soko huria lina sheria zake. Tafsiri ya *programu za bure* kwa *programu huria*, inayokutwa mara kwa mara, huficha kwamba wenye kazi hawakuiacha haki yao. Wameitumia kuweka masharti.

Tukirudi kwa katibu wetu, sentensi ambayo angeiandika kwa urahisi ni hii: *Naomba ruhusa ya kutumia tovuti yenu.* Lakini kutumia tovuti ni kuifungua na kuisoma, jambo ambalo kila mtu hulifanya bila kuomba. Mpokeaji atajibu *karibu*, na kila upande utaelewa lake. Afadhali aandike: *Tunaomba idhini ya kunakili na kurekebisha faili za mitindo na mpangilio wa kurasa za tovuti yenu, bila nembo wala picha, kwa matumizi ya tovuti ya chama chetu. Tafadhali tujulisheni ziko chini ya leseni gani, na jinsi mnavyopenda kutajwa.* Kutenganisha *kunakili* na *kurekebisha* si urefu wa bure, maana zipo leseni zinazoruhusu la kwanza na kukataza la pili. *Kuiga* ni neno jingine tena: aliyetazama tovuti akajiandikia faili zake mwenyewe zenye safu mbili na menyu ya juu ameiga wazo, na hakimiliki hailindi wazo tupu.

Sarufi. *Ruhusu* hupokea mtu: *walituruhusu kunakili faili.* *Idhinisha* hupokea jambo: *waliidhinisha matumizi ya faili.* Sentensi *walituidhinisha kunakili*, ijapokuwa imeanza kusikika, hubeba maana ya kwamba sisi ndio tuliokaguliwa na kukubaliwa, kama wagombea. *Hakimiliki* huandikwa kwa neno moja.