Dhambi Ileile, Mlango Mwingine: Historia ya Mamlaka ya Kuondolea Dhambi ya Utoaji Mimba katika Kanisa Katoliki

Mjadala wa utoaji mimba katika Kanisa Katoliki huchukuliwa mara nyingi kuwa na swali moja tu: je, tendo hilo ni dhambi? Makala haya yanashughulikia swali la pili: ni nani mwenye mamlaka ya kuiondolea dhambi hiyo, na anayetubu atamfikiaje? Hoja yetu ni kwamba tangu karne ya 4 Kanisa halikuacha kulihesabu tendo hilo kuwa dhambi kubwa, ilhali njia ya kurejea ilibadilika mara kadhaa, na mabadiliko hayo yana uzito wa kimaadili.

Mwanzoni mwa karne ya 4, Sinodi ya Elvira, nchini Hispania, iliamua kwamba mwanamke aliyechukua mimba ya uzinzi kisha akamwua mtoto asipewe komunyo hata akiwa kufani. Mwaka 314, Sinodi ya Ansira, Ankara ya leo, ilitaja kanuni ya zamani iliyomtenga mwenye kosa hilo mpaka kufa, kisha ikaweka badala yake miaka kumi ya kitubio. Kosa lilibaki kosa; kilichopungua ni urefu wa safari ya kurudi.

Mvutano huo ulijirudia Roma. Mwaka 1588, Papa Sisto V alitoa hati iitwayo Effraenatam, akaziweka adhabu za uuaji juu ya utoaji mimba wa hatua yoyote na kuyahifadhi maondoleo kwa Kiti cha Kitume, isipokuwa katika hatari ya kufa. Miaka mitatu baadaye Papa Gregori XIV aliilegeza: adhabu zikabaki kwa mimba iliyohesabiwa kuwa imetiwa roho, na padre aliyeidhinishwa na askofu wake akaruhusiwa kuondolea. Mwaka 1869, Papa Pio IX aliiacha tofauti hiyo ya mimba, lakini maondoleo ya adhabu ya kutengwa na Kanisa akayaweka mikononi mwa maaskofu. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa 1917 ulitamka wazi kuwa mama naye hasamehewi adhabu hiyo.

Hapa yafaa kutenganisha dhambi na adhabu. Kwa mujibu wa sheria ya 1983, asiyetimiza miaka 16 hapatwi na adhabu ya kikanisa, na aliyetenda kwa kushurutishwa na hofu kubwa hatengwi papo hapo. Washiriki ambao bila wao tendo lisingefanyika huweza kupatwa na adhabu hiyohiyo. Kwa hiyo sheria yenyewe inakiri kwamba mwanamke huyo huenda hakuwa peke yake, wala hakuwa huru.

Tarehe 1 Septemba 2015, Papa Francisko aliwaruhusu mapadre wote kuondolea dhambi hiyo katika Mwaka Mtakatifu wa Huruma. Mwezi Novemba 2016, kwa barua Misericordia et misera, aliiendeleza ruhusa hiyo bila kikomo, huku akisisitiza kuwa utoaji mimba ni dhambi kubwa. Marekebisho ya sheria ya adhabu ya mwaka 2021 yaliendelea kuiweka adhabu ya kutengwa.

Wapo wanaohofu kwamba mlango ukiwa karibu, kosa litaonekana jepesi. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa sheria hufundisha pia kwa ukali wake. Hata hivyo, umbali haupimi toba. Maondoleo yakihifadhiwa kwa askofu, mzigo humlemea zaidi asiye na nauli, asiyejua kuandika barua, au anayeogopa kujulikana. Adhabu iliyokusudiwa kupima uzito wa kosa huishia kupima uwezo wa mkosaji.

Kwa washauri wa sera katika ukanda wetu, funzo liko wazi. Katika kura ya maoni ya Kenya ya mwaka 2010, maaskofu Wakatoliki waliipinga Katiba iliyopendekezwa, hasa kwa sababu ya Ibara ya 26 inayohusu uhai na utoaji mimba. Miaka sita baadaye msamaha ulisogezwa hadi kwa kila padre muungamishi, na msimamo wa Kanisa juu ya tendo haukubadilika. Anayeuchukua msamaha huo kuwa dalili ya kukubali atakosea, na anayedhani katazo lazima liambatane na kufungiwa mlango atakosea vilevile. Kila sheria inayokataza yapasa kuulizwa pia: aliyekwisha kuanguka atarudi kwa njia ipi, na je, maskini anaweza kuipita?