Nani Alituambia Banjo ni ya Wazungu?

Jumapili alasiri huku Kiganjo, Thika, ukishuka kwa stage na utembee dakika kumi bila haraka, utasikia country kwa nyumba tatu au nne. Kenny Rogers kwa kinyozi. Don Williams kwa jirani anayeosha pikipiki. Jim Reeves kwa mama wa kibanda, sauti ya chini, kama mtu anayesali. Hakuna anayeona ajabu. Hata usiku wa mugithi, katikati ya nyimbo za Kikuyu, mpiga gita huchomeka country moja na klabu nzima inaimba naye.

Mwaka wa 2024, Beyoncé alipotoa "Texas Hold 'Em", niliucheza kwa simu nikiwa kwa shosho, tunachambua maharagwe. Wimbo unaanza na banjo. Shosho akainua kichwa.

"Hiyo ni wandindi?"

Nikacheka. Nikamjibu kwa ile sauti ya mtu aliyefika chuo, hata kama hakumaliza: "Zii, shosho. Hiyo ni banjo. Kitu ya wazungu."

Akarudi kwa maharagwe yake. Mimi nilikuwa nimekosea, na yeye alikuwa karibu na ukweli kuniliko.

Wandindi ni ala ya Wakikuyu yenye uzi mmoja, ngozi na upinde. Banjo haipigwi kwa upinde, inapigwa kwa vidole. Lakini shosho alisikia kile zinachoshiriki: uzi unaotetemeka juu ya ngozi iliyowambwa. Gita lina tumbo la mbao, sauti yake ni laini na hukaa. Ya ngozi ni kavu, inakwaruza kidogo, na hufa haraka. Masikio ya shosho hayakusoma historia, yalitambua ukoo tu.

Sasa historia yenyewe. Daktari Hans Sloane alifika Jamaica mwaka 1687. Kitabu alichokichapisha London mwaka 1707 kina mchoro wa ala zilizoundwa na Waafrika waliokuwa watumwa kisiwani: kibuyu, ngozi juu yake, shingo ya mti, nyuzi. Kuna pia mchoro maarufu wa rangi kutoka South Carolina, wa mwisho wa karne ya 18, wenye watumwa wakicheza dansi huku mwenzao akipiga banjo ya kibuyu. Huko Senegal na Gambia, Wajola bado wanapiga akonting: kibuyu, ngozi ya mbuzi, nyuzi tatu, mmoja wao mfupi wa kupigwa na dole gumba. Daniel Jatta, Mgambia, ndiye aliyewaonyesha watafiti wa banjo kwamba wapigaji wa akonting hushusha ukucha juu ya uzi kwa namna ileile wanayotumia wapigaji wa banjo za kizamani Marekani.

Basi ilikuwaje ikawa ya wazungu? Mnamo miaka ya 1830, mzungu wa Virginia aitwaye Joel Sweeney, aliyejifunza banjo kwa watu weusi, alianza kuzunguka nayo majukwaani akiwa amejipaka uso masizi. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels likapanda jukwaa New York, na mchezo huo ukawa biashara kubwa: wazungu waliojipaka weusi, wakiigiza mtu mweusi mjinga, mvivu, mwenye banjo mkononi. Kisha miaka ya 1920 kampuni za santuri zikagawanya muziki wa kusini mwa Marekani kwa rangi ya ngozi. Watu weusi wakawekewa orodha yao, wazungu wa mashambani yao, na banjo ikabaki zaidi upande wa pili.

Lakini kuna sehemu ya hadithi inayouma zaidi. Watu weusi wengi waliiacha banjo wenyewe. Fikiria ala ya babu yako imekuwa picha ya kukudhihaki kwa karibu miaka mia. Ungempa mtoto wako aibebe shuleni? Banjo haikuporwa tu, iliaibishwa kwanza.

Ndiyo maana siku hizi kuna watu wanaotafuta banjo za zamani kama mtu anayetafuta ushahidi. William Boucher wa Baltimore, aliyetengeneza banjo miaka ya 1840, alikuwa fundi wa ngoma, na hilo linaonekana: banjo zake ni ngoma zenye shingo. Hazina vile vyuma vidogo vinavyogawanya shingo ya gita, kwa hivyo kidole kinateleza na sikio ndilo linaloamua noti iko wapi. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, si chuma, na sauti inatoka nzito, ya chini. Ngozi nayo ina tabia zake. Mvua ikija inalegea na sauti inashuka, jua likiwaka inakaza. Ukiipiga Kiganjo mwezi wa Julai, na ule ukungu wa asubuhi, itabidi uiote moto nayo. Mpiga ngoma yeyote wa hapa kwetu anaijua kazi hiyo, na mpiga nyatiti wa Siaya pia, kwa sababu nyatiti nayo ni nyuzi nane juu ya ngozi ya ng'ombe.

Banjo yenyewe ilishawahi kuja kututembelea. Mpigaji wa Marekani, Béla Fleck, alizuru Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akiitafuta asili ya ala yake, na filamu ya safari hiyo ikatoka 2008. Aliipa jina kwa Kiingereza kutokana na Bagamoyo: bwaga moyo. Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, fundi wa ilimba asiyeona, na ukiwasikiliza hutajua nani mgeni wa nani.

Na pwani yetu ina binamu mwingine wa jina. Taishokoto ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, na Goro Morita: nyuzi juu ya ubao, na vitufe vya kubonyeza kama vya taipureta. India waliipokea wakaiita banjo, na kwa njia ya Bahari Hindi ikafika Mombasa na kuingia kwa taarab. Isikilize nyuma ya sauti ya Zuhura Swaleh au Maulidi Juma. Hakuna Mswahili aliyeionea haya eti ni ya Mjapani. Iliingia harusini, ikakaa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kuhusu sisi wa bara. Taishokoto ilipata nyumba Mombasa. Country imepata nyumba Kiganjo. Wandindi iko wapi?

Jumapili nyingine nikamuuliza shosho. Akaniambia baba yake alikuwa nayo. Alikuwa akiipiga jioni wazee wakinywa muratina. Alipobatizwa akaambiwa ni kitu cha pombe na cha shetani, akaitundika ukutani na hakuishusha tena. Halafu ikaja 1954. Kuanzia Juni mwaka huo, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya Wakikuyu milioni moja kutoka maboma yao, ikawafungia kwenye vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Shosho alikuwa na miaka kumi. Nyumba yao ilichomwa.

"Na wandindi?"

"Tungebeba sufuria ama tungebeba wandindi?"

Sina jibu la hilo. Wimbo wa Muthirigu ulipigwa marufuku mwaka 1930, na gĩcandĩ, kile kibuyu chenye alama ambacho wasanii wawili walishindania kwa mafumbo, nacho kilisukumwa pembeni enzi hizo. Lakini moto uliichoma wandindi moja tu. Kilichozuia nyingine isiundwe ni aibu. Nilipomwomba shosho aniimbie walau wimbo mmoja wa baba yake nirekodi, alikataa. "Mimi nimeokoka. Hizo ni vitu za giza." Kisha akaniomba nimwekee Jim Reeves.

Niliudhika, nakiri. Baadaye nikasoma kuhusu Joe Thompson, mzee mweusi wa Mebane, North Carolina, aliyepiga fidla. Binamu yake Odell, mpiga banjo wake, alikuwa ameshakufa. Mwaka 2005 kulifanyika mkutano wa wapiga banjo weusi mjini Boone, na baada yake vijana wachache wakaanza kwenda nyumbani kwa mzee huyo, mara kwa mara, kukaa naye na kupiga naye. Alikuwa na miaka 86. Vijana hao ndio waliokuja kuwa Carolina Chocolate Drops, na mmoja wao ni Rhiannon Giddens. Ile banjo iliyomfanya shosho ainue kichwa ni yeye aliyeipiga.

Kwa Kikuyu, kĩganjo ni mahali palipokuwa na boma, watu wakahama. Mswahili angesema mahame. Mwaka 1954 nchi yetu ilijaa iganjo. Lakini wazee walijua kwamba kĩganjo si shamba baya: pana majivu ya jikoni na samadi ya zizi, na ukipanda hapo, chakula kinatoka vizuri kuliko kwingine.

Shosho ana miaka themanini na kidogo. Sijawahi kuishika wandindi, na banjo yenyewe nimeisikia kwa simu tu. Jumapili hii nitaenda tena. Sitabeba swali lolote, na simu itakaa mfukoni. Tutachambua maharagwe, nitamwekea Jim Reeves wake, na baada yake nitaucheza ule wimbo wa banjo. Akiuliza tena kama hiyo ni wandindi, safari hii nitasema ndiyo, shosho, ni ndugu yake. Ya baba yako ilikuwa inalia aje?